Boti Lililoegeshwa Hotelini

Ifahamike kwa mataifa yote yanayopakana na bahari yetu, kwa mabalozi wao, makatibu wao, na samaki wote wanaovuka mipaka bila pasipoti, kwamba ushirikiano wa kimataifa katika uvuvi wa kuwajibika na endelevu uliokolewa na mtu mmoja tu, naye ni mimi, Mheshimiwa Mjumbe wa Vijana, kidato cha tatu, bweni la wasichana, kitanda cha juu karibu na dirisha bovu.

Hivyo ndivyo ningependa ifahamike. Ukweli ni kwamba nilipelekwa mkutanoni kwa sababu wiki ile wakaguzi walikuwa wanakuja shuleni, na mwalimu mkuu alitaka niwe mbali nao kadiri barabara inavyoruhusu.

Mwalimu mkuu wetu tunamwita Kengele. Si kwa ajili ya sauti yake, bali kwa sababu akitokea, kila mtu huacha alichokuwa anafanya. Mwaliko ulipofika ukiomba shule itoe kijana mmoja mwenye ari na maono, aliniita ofisini, akavua miwani, akanitazama kama mtu anayetazama bomba linalovuja.

"Una ari wewe?"

"Ninayo, Madam."

"Na maono?"

"Nayo yapo, Madam."

"Haya, nenda ukaone huko. Lakini kumbuka uko kwenye onyo la mwisho. Nikisikia umefanya chochote, hata kupiga chafya kwa mbwembwe, utarudi hapa kuchukua sanduku lako tu."

Onyo hilo la mwisho lilitokana na tuhuma kwamba kuna mtu alitia chumvi kwenye bakuli la sukari la walimu siku ya kikao cha nidhamu. Tuhuma hizo nilizikana wakati ule, na heshima yangu hainiruhusu kuzizungumzia zaidi.

Kulikuwa na sababu nyingine ya mimi kukubali kwenda. Fundi wa mitambo kwenye mkutano ule alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Mama ni muuguzi, na siku za wazazi humkuta akiwa zamu, kwa hiyo huja mjomba. Huja na karanga kwenye mfuko wa shati, hukaa kwenye benchi katikati ya akina mama wa watu, akajibu maswali ya Kengele kuhusu tabia yangu kana kwamba aliyeshtakiwa ni yeye.

Kazi ya mjomba ilikuwa skrini. Nchi tatu zinazogawana bahari yetu zilikuwa zimekubaliana kwamba kila boti la uvuvi lenye leseni libebe kisanduku kidogo kinachotuma habari za mahali lilipo. Kwenye skrini ya mjomba, kila boti ni nukta ya kijani. Mstari mwekundu unazunguka Ghuba ya Mazalia, samaki wanakotagia, ambako msimu ule haruhusiwi mtu kuvua, awe mwenyeji au mgeni. Nukta ikivuka mstari, mtambo unalia. Basi. Hata mimi nilielewa, na hisabati yangu inajulikana.

Mtambo huo mjomba aliulea kama kibarua tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Sasa nchi tatu zilikuwa zimekuja kuutazama. Zikisaini, kitajengwa kituo cha pamoja na yeye ataajiriwa rasmi. Zisiposaini, kibarua chake kinaisha siku ile ile wageni wanapofunga mabegi yao.

"Mpwa wangu," aliniambia asubuhi ya kwanza mlangoni mwa hoteli, akininyoosha kola ya sare, "wakisaini, mimi ni mtu. Wasiposaini, nimemwaga unga. Kwa hiyo leo na kesho nakuomba kitu kimoja. Uwe mtoto wa watu wengine."

"Mjomba, mbona unaniogopa hivyo?"

"Nimekulea," alisema.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya kiyoyozi ya kutosha kuhifadhi wajumbe wote bila kuoza. Kila meza ilikuwa na chupa ya maji, bendera ndogo na kipaza sauti chenye taa nyekundu. Ukibonyeza, taa inawaka, na ukumbi mzima unalazimika kukusikiliza. Nilikipenda kipaza sauti changu kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha shule.

Kiti kikuu alikikalia Mwenyekiti, mtu wa kwetu, mnene, mwenye sauti ya kufungua milango. "Waheshimiwa," alinguruma, "mimi sitabanduka kwenye kiti hiki mpaka samaki mchanga wa mwisho katika bahari yetu awe salama!" Tulipiga makofi. Ilipofika saa ya chakula alibanduka, akarudi wakati watu wanamaliza chai ya jioni.

Kutoka nchi ya kaskazini alikuja mama mmoja mwembamba ambaye siku ile ile nilimpa jina la Bibi Takwimu. Kutoka nchi ya visiwa alikuja mzee mwenye kipaji cha kulala macho wazi. Asubuhi yote walijadili swali zito: samaki aliyezaliwa kwetu, akakulia kaskazini, akanenepea visiwani, ni wa nani?

"Ni wetu," alisema Mheshimiwa wa Visiwa. "Anakuja kwetu kwa hiari yake."

"Amezaliwa kwetu," alisema Mwenyekiti. "Mtoto hatupwi."

"Naomba kuuliza," alisema Bibi Takwimu. "Wamebaki wangapi?"

Swali hilo lilipokelewa kwa shukrani na kupangiwa mkutano wa mwaka ujao.

Mimi nilitoa hotuba. Nilisema vijana ni mawimbi ya kesho. Sijui nilimaanisha nini, lakini walisimama kunipigia makofi, na Mheshimiwa wa Visiwa aliamka.

Hapa naomba nieleze jambo kwa uangalifu. Jioni ile mjomba alizungusha kisanduku kimoja mezani ili wajumbe wakishike. Kilikuwa na ukubwa wa kibati cha sabuni, kina taa ndogo ya kijani, na kimeundwa kustahimili maji, chumvi na wavuvi. Alikitoa kwenye boti liitwalo *Baba Kachoka*, ambalo wakati huo lilikuwa limepandishwa nchi kavu, limetolewa mbao za chini, halina uwezo wa kwenda popote. Kisanduku kilipita mkono kwa mkono. Mheshimiwa wa Visiwa alikiweka sikioni. Mwenyekiti alikipima kiganjani kama anayenunua nyama. Bibi Takwimu alisoma maandishi ya chini. Mwisho kikanifikia mimi, na hakuna aliyekuja kukidai. Mjomba alidhani kipo kwa katibu wa mkutano, katibu akadhani kipo kwa mjomba.

Nisingeweza kukiacha mezani. Kingeibiwa na mtu asiye mwaminifu. Usiku kikalala shuleni, ndani ya kibati changu cha sabuni, na asubuhi nikarudi nacho kwenye basi, kinanimulika mfukoni kama wazo.

Maana wazo lilikuwa limekwisha kuja. Mjomba angeonyesha mtambo baada ya chakula cha mchana. Je, ingekuwaje skrini ikiwaka na kuonyesha boti la uvuvi limeegeshwa mbele ya hoteli, katikati ya magari ya waheshimiwa? Watu wangecheka. Mjomba angecheka. Kisha wangesaini wakiwa na furaha. Katika kichwa changu hata Kengele alicheka. Kichwa changu kina ukarimu huo.

Gari la Mwenyekiti lilikuwa limesimama karibu kabisa na mlango wa ukumbi. Dereva wake alikuwa anafuta vioo, buti limeachwa wazi, na ndani ya buti kulikuwa na kasha kubwa la bluu la kuwekea barafu, tupu, lenye gunia lililokunjwa chini. Nilimsalimia dereva kwa adabu zote nilizofundishwa. Alipogeuka kukamua kitambaa, nikatia kisanduku chini ya gunia, nikaenda zangu kusikiliza mjadala wa macho ya nyavu.

Sikujua kwamba Mwenyekiti angebanduka tena. Nilikuwa nakula chakula cha mchana, nikaliona gari lake kupitia dirishani likitoka getini, nikaweka kijiko chini.

Baada ya chakula kiti kikuu kilikuwa kitupu. Katibu alitangaza kwamba Mwenyekiti yuko kwenye mashauriano. Nyuma, kwenye viti vya wageni, niliona miwani ninayoifahamu. Wakaguzi walikuwa wameondoka, na Kengele amekuja kusikia hotuba yangu ya kufunga.

Mjomba alipanda jukwaani na shati lake la mikutano, lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Akabonyeza. Skrini ikawaka, bahari nzima ikatapakaa nukta za kijani.

"Waheshimiwa, haya ni maboti yote yenye leseni katika nchi zetu tatu. Mnayaona yalipo, sasa hivi, tunapozungumza."

"Aaah," wakasema waheshimiwa.

Mtambo ukalia.

Uso wa mjomba ulichanua. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kupata boti la kuliza mtambo wake mbele ya watu. "Kama mnavyosikia, kuna chombo kimeingia Ghuba ya Mazalia. Tukibonyeza hapa, tunapata jina lake."

Akabonyeza. Jina likatokea kwa herufi kubwa: BABA KACHOKA.

Niliona shingo yake ikikakamaa. Boti lisilo na sakafu lilikuwa ghubani, kwenye ukingo wa maji, linatambaa kando ya ufuko.

"Chombo cha nani hicho?" aliuliza Mheshimiwa wa Visiwa, akiwa macho kwa mara ya kwanza bila kuamshwa na makofi.

"Si chetu," alisema katibu upesi. "Kimetokea kaskazini. Tazameni pua ilivyoelekea."

"Nukta haina pua," alisema Bibi Takwimu.

"Anakimbia! Ametoka ghubani, anakimbia!" alipiga kelele katibu.

"Kasi gani?"

Mjomba alisoma kwa sauti ya mgonjwa. "Kilomita themanini kwa saa."

"Hizo ni injini mbili," alisema Mheshimiwa wa Visiwa. "Tatu, pengine. Wavuvi haramu wana pesa siku hizi."

"Waheshimiwa, kwa kweli chombo hiki kiko..." alianza mjomba.

"Amesimama! Anatega nyavu!"

"Hapo ni kwenye taa za barabarani," alisema mjomba.

Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wamefika kwenye suala la msingi: boti likivua kwenye maji ya nchi moja, likakimbilia ya nchi nyingine, faini inakwenda kwa nani? Katibu aliandaa azimio la kulaani *Baba Kachoka*. Visiwa wakapendekeza neno "tunalaani" libadilishwe liwe "tunasikitishwa". Likabadilishwa. Wakati wanapiga makofi kupitisha azimio, boti lilizunguka mzunguko wa sokoni, likapita kituo cha mafuta, likakata kona kushoto na kuingia hotelini.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Mwenyekiti akaingia, kijiti cha meno mdomoni.

"Samahanini, waheshimiwa. Mashauriano yalikuwa marefu."

"Mheshimiwa," alisema katibu, akihema, "boti limeingia hotelini."

"Boti gani?"

"La uvuvi haramu. Lipo hapo nje. Limeegeshwa."

Mheshimiwa wa Visiwa alikwenda dirishani mbio, akapiga paji la uso kwenye kioo. "Mimi naona magari tu."

Bibi Takwimu alibonyeza kipaza sauti chake. "Ama boti hili lina magurudumu, ama mtambo una kasoro, ama kuna jambo la tatu. Mimi ningependa kulijua hilo la tatu."

Mwenyekiti aliitazama skrini. Alitazama mahali nukta ilipo, kisha mahali ilipotoka. Kile kijiti kilianguka.

"Mtambo ni mbovu!" alisema. "Hakuna cha kujua. Boti kupita barabarani? Aibu gani hii mbele ya wageni? Fundi, umetutia aibu. Naahirisha kusaini. Tuunde kamati ndogo, na mtambo huu uzimwe."

Mjomba alikuwa anapekua begi lake, kisha meza ya katibu, kisha akainua uso akanitafuta mimi. Tangu nikiwa mdogo, nikikosea hutazama juu. Nyumbani kwetu dari limetoa ushahidi mara nyingi kuliko mtu yeyote. Na wakati ule, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeinua kichwa nachunguza taa za ukumbi kama ninayetaka kuzinunua.

Alijua. Nilimwona akijua. Angeweza kuninyooshea kidole, akawa salama pale pale. Badala yake alitazama viti vya nyuma, ilipo ile miwani.

"Inawezekana ni kasoro, Mheshimiwa," alisema. "Kasoro yangu mimi."

Nilihisi kitu kikinibana kifuani, nikadhani ni kiyoyozi.

"Kabla hatujazima," alisema Bibi Takwimu, "mtambo huu unaweza kurudisha nyuma safari ya nukta?"

"Hakuna haja," alisema Mwenyekiti.

"Nimemuuliza fundi."

"Unaweza, mama," alisema mjomba polepole. "Lakini..."

"Basi rudisha. Kama ni mbovu, tuuone ubovu wake wote."

Mkono wa mjomba ulikaa juu ya kitufe kama mkono wa mtu anayegusa pasi ya moto. Akabonyeza. Nukta ikaanza kwenda kinyumenyume: kutoka hotelini, kituo cha mafuta, mzunguko wa sokoni, ghubani nyuma ya ghala la barafu, ikarudi tena hotelini, ikatulia. Kisha ikapanda barabara ya mlimani asubuhi ile, ikasimama kila penye shimo ambapo basi letu husimama, ikaingia kwenye geti, ikapita uwanja, ikazama katikati ya jengo refu na kulala humo tangu jana yake jioni.

Nyuma ya ukumbi kiti kilisogezwa. Kila mtu aliacha alichokuwa anafanya.

"Hilo," alisema Kengele, "ni bweni langu."

Mjomba hakuongeza ukubwa wa picha. Picha ilijiongeza yenyewe, maana mtambo ule ni mzuri kupita kiasi. Tuliona bati la paa, kamba ya nguo, na nukta imelala kwenye kona ya dirisha bovu. Ukumbini kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye sare ya shule ile.

Sasa, mtu mwingine angelia. Mimi nilibonyeza kipaza sauti. Taa nyekundu ikawaka, na ulimi wangu, ambao haujawahi kuniomba ushauri, ukaanza kazi.

"Waheshimiwa, muda umefika wa kueleza. Mtambo hauna kasoro. Kisanduku nilikuwa nacho mimi. Kama kijana mwenye ari na maono, niliona kwamba uvuvi haramu hauwezi kukomeshwa kwa hotuba peke yake. Nikaamua kufanya uchunguzi wa siri."

"Uliweka wapi kisanduku?" aliuliza Bibi Takwimu.

"Ndani ya kasha la bluu," nilisema. "Kwenye gari la Mwenyekiti."

Ukumbi mzima ulitoka nje kwa pamoja, nchi tatu zikigombania mlango mmoja. Dereva hakuwa na la kufanya ila kufungua buti. Juu ya gunia kulikuwa na barafu, na ndani ya barafu kulikuwa na samaki, wengi, wamebanana, hakuna hata mmoja aliyezidi kidole changu cha kati. Samaki wachanga wa Ghuba ya Mazalia, wale wale ambao Mwenyekiti hakutaka kubanduka kwa ajili yao. Chini ya gunia, taa ya kijani ilikuwa inawakawaka bila wasiwasi.

Nakiri kwamba nilishangaa kuliko wote. Lakini nilishangaa kwa ndani.

"Shujaa!" alisema Mheshimiwa wa Visiwa, akinishika mabega. "Binti huyu ni shujaa!" Katibu aliuliza jina langu linaandikwaje. Mtu alinipiga picha. Nilisimama kando ya samaki na kuweka uso wa uchunguzi wa siri. Nilianza hata kuiona barabara ya kuingilia shuleni ikiwa na jina langu.

Mwenyekiti alingoja turudi kukaa. Ndipo nikajua kwa nini mtu kama yule hupewa kiti.

"Waheshimiwa," alisema kwa upole uliotisha, "mmesikia wenyewe. Uchunguzi wa siri. Je, mtoto wa shule anaanzisha uchunguzi wa siri peke yake? Kisanduku alikipata wapi? Kwa fundi. Na fundi huyu ni nani wake?" Akanigeukia. "Mwambie Mheshimiwa wa Visiwa. Fundi ni nani wako?"

"Mjomba," nilisema.

"Mjomba! Mtu anayengoja ajira tukisaini. Anamtuma mpwa wake atege kisanduku kwenye gari langu. Na kama wanaweza kutega kisanduku, watashindwa kutega samaki? Huu wote ni mchezo wa kuigiza, umepangwa na watu wa familia moja. Nani atasaini mtambo unaoendeshwa na watu wa namna hii?"

Wajumbe walianza kutazamana. Hata Bibi Takwimu aliweka kalamu chini. Mheshimiwa wa Visiwa alivuta kiti chake mbali kidogo na changu, taratibu, kama mtu anayejitenga na harufu.

Mjomba alikuwa jukwaani bado. Alikuwa anakunja waya wa mtambo kwenye kiwiko chake, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayefunga mizigo ya nyumba.

Viatu vikasikika nyuma. Kengele alishuka kati ya safu za viti, akaja hadi mbele ya meza yangu, akavua miwani.

"Nina swali moja," alisema. "Ulipoweka kile kitu, ulijua kwamba huyu bwana anakwenda kuchukua samaki?"

Uzuri wa swali lile ni kwamba lilikuwa na majibu mawili tu. Nikisema nilijua, mimi ni shujaa, na mjomba ndiye aliyenituma, kwa sababu nani mwingine angeniambia? Nikisema sikujua, mimi ni mtoto mjinga, na samaki ni wa Mwenyekiti peke yake.

Nilifungua mdomo niseme nilijua. Wallahi nilifungua. Lakini kichwa kilikuwa kimekwisha kuinuka chenyewe.

"Usitazame taa," alisema Kengele. "Nitazame mimi."

Nikamtazama. Kisha nikamtazama mjomba na waya wake. Nikabonyeza kipaza sauti.

"Sikujua," nilisema.

"Sema wasikie."

"Sikujua chochote, Madam. Hakuna uchunguzi. Kisanduku nilikiiba hapa mezani jana, mjomba hakuniambia wala hakunipa, hata sasa hivi mmemwona akikitafuta. Nilitaka boti lionekane limeegeshwa hotelini. Basi. Niliona itachekesha. Gari la Mwenyekiti nililichagua kwa sababu lilikuwa karibu na mlango na buti lilikuwa wazi. Kasha lilikuwa tupu, dereva ni shahidi. Ningejua linakwenda kujazwa samaki, ningeogopa, nisingekiweka. Mimi si shujaa. Mtambo ni mzima, mjomba wangu ni mzima, kasoro ni mimi."

Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake, alisema taratibu, bila kuulizwa na mtu, "Ni kweli. Lilikuwa tupu. Tumelijaza kule ghubani, kama siku zote."

"Kama siku zote," alirudia Bibi Takwimu, akaokota kalamu. "Fundi, usiufunge huo waya. Leteni karatasi, mimi nasaini sasa hivi."

Mheshimiwa wa Visiwa alisema naye anasaini, na kwamba kwa upande wake hakuwa ametilia shaka hata dakika moja. Macho yote yakaenda kwenye kiti kikuu, ambacho mwenye nacho alikuwa anatafuta kijiti chake chini ya meza kwa bidii kubwa.

Mjomba aliuachia waya ukafunguka wote sakafuni. Hakunisogelea. Alinitazama tu kutoka jukwaani na kutikisa kichwa, na sikuweza kujua kama anacheka au anafuta jicho.

Kengele alivaa miwani yake.

"Umemaliza?" aliuliza.

Ningeweza kusema nimemaliza. Lakini taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, nchi tatu zinasikiliza, na mdomo wangu, ukishaonja ukweli mara moja, ulikuwa kama basi letu kwenye mteremko.

"Bado, Madam," nilisema. "Na ile chumvi kwenye sukari ya walimu. Nayo ni mimi."